Mbwa wa Chuma cha Kusubu

Kiswahili hutenganisha kufua chuma, kazi ya nyundo, na kusubu, yaani kukiyeyusha na kukimimina katika kalibu. Kampuni ya Hubley, iliyoanzishwa mwaka wa 1894 huko Lancaster, Pennsylvania, Marekani, ilisubu mbwa wa kuzuia milango, wengine kwa nusu mbili zilizounganishwa.

Ukimpata mmoja, tazama mshono. Wa kale hubana. Wa kuigiza mara nyingi huacha mwanya, na mwili wake hukwaruza kama mchanga. Skrubu yenye msalaba kichwani? Hiyo ilianza kuuzwa miaka ya 1930, basi shuku.

Lakini jamani, msimsugue wala kumpaka rangi upya! Rangi ya kwanza, hata ikibanduka, ndiyo bei yenyewe. Mpanguse kwa kitambaa laini, kikavu. Maji humletea kutu.