Kupima sola kwenye komputa mbele ya kununua pano

Katika mitaa na vijiji vyetu, mtu anauza mbuzi, anaongeza pesa ya likelemba, ananunua pano ya sola na batri. Mwezi wa kwanza moto unawaka mpaka usiku wa manane. Kisha mvua zinafika, na saa mbili za usiku ampuli zinaanza kufifia. Kwa nyumba, hiyo ni hasara. Kwa kituo cha afya chenye frigo ya dawa, na mama anayejifungua usiku, ni hatari. Na mara nyingi pano yenyewe si mbovu. Hesabu ndiyo ilikuwa mbovu tangu dukani.

Kuna programu za komputa zinazofanya hesabu hiyo mbele mtu hajatoa pesa. Mafundi wanaita kazi hiyo simulasio: komputa inaiga maisha ya mtambo saa kwa saa, kwa mwaka mzima au miaka mingi. Saa fulani jua lilikuwa kiasi gani, pano ilitoa wati ngapi, vyombo vilikula ngapi, batri ilibaki na nini. Hali ya jua inatoka kwenye picha za satelite zilizowekwa miaka na miaka.

Programu ni nyingi. PVsyst ilianzia Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, inalipiwa, na makampuni makubwa wanaitumia sana. HOMER ilizaliwa Marekani, kwenye maabara ya NREL huko Colorado, na nguvu yake ni kuchanganya sola, batri na jenereta ili kujua mazutu kiasi gani itaungua. Swali kama hilo linahusu mitambo kama ule wa megawati 1,3 ambao kampuni ya Nuru ilizindua Goma mwaka 2020. Lakini kwa nyumba, shule au kituo cha afya, sisi tungeanza na PVGIS, ya kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilicho Ispra, Italia. Ni ya bure, iko kwa Kifaransa, inafunguka hata kwenye telefone, na ramani yake inafika Afrika yote.

Tuchukue mfano wa kituo kidogo cha afya. Ampuli 6 za wati 9, zikiwaka saa 5, zinakula wati-saa 270. Frigo ndogo, tuseme 700 kwa siku. Komputa ya wati 50 kwa saa 4, ni 200. Telefone 10, karibu 150. Mikroskopu, 60. Jumla: wati-saa 1.380 kwa siku.

Muuzaji atasema: jua letu ni la saa 5 na nusu, gawanya, unapata wati 250, basi pano moja inatosha. Hapo ndipo watu wanaanguka. Hesabu ya kweli inachukua mwezi wenye mawingu mengi, si siku nzuri ya kiangazi. Tuseme mwezi huo unatoa sawa na saa 4 za jua kali kwa siku. Kisha inatoa yale yanayopotea kwa joto, vumbi, waya, na kuingiza na kutoa moto kwenye batri. Karibu asilimia 30 si kitu cha kushangaza. Ukigawanya 1.380 kwa 4, kisha kwa 0,7, unapata wati 493. Ile pano ya 250 ingetoa wati-saa 700 tu: frigo peke yake inazimaliza, na mkunga anabaki na taa ya telefone.

Joto nalo lina maneno yake. Wati zilizoandikwa nyuma ya pano zilipimwa maabara, pano ikiwa na digri 25. Juu ya mabati inaweza kufika 55, na kwa kila digri inapoteza karibu asilimia 0,4. Hiyo ni asilimia 12 imeenda. Goma na Bukavu, kwenye baridi ya milima, tuna bahati kuliko watu wa Kindu. Hata hivyo, usigandamize pano kwenye mabati. Acha nafasi hewa ipite chini.

Kuhusu kuilaza: video nyingi kutoka Ulaya zinasema digri 35, kuangalia kusini. Usifuate. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapita kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine. Digri 10 hivi zinatosha, zaidi kwa sababu mvua iweze kuosha vumbi la makoro.

Kwenye PVGIS, chagua sehemu ya mtambo usiounganishwa na laini ya umeme. Gusa mahali pako kwenye ramani, andika wati za pano, ukubwa wa batri, mpaka wa kuishusha, na matumizi ya siku. Batri ya kawaida ya asidi, andika isishuke chini ya asilimia 50. Jibu la kuangalia kwanza ni asilimia ya siku ambazo batri inafika mwisho, mwezi kwa mwezi. Asilimia 10 kwa mwezi wa siku 30 ni siku tatu za giza. Nyumbani utavumilia. Kituo cha afya, hapana: ongeza batri au pano, rudia.

Lakini komputa inajua tu kile ulichoiambia. PVGIS inaona kivuli cha mlima. Mti wa avoka wa jirani haiuoni, na kivuli cha tawi moja kinaweza kukata theluthi ya nguvu ya pano, kwa kuwa vipande vyake vimefungwa kwa mstari. Haijui pano ya magendo iliyoandikwa 300 wakati inatoa 180. Haijui kwamba frigo inapoanza inavuta mara kadhaa ya wati zake, jambo linaloweza kuzima konverta. Haijui pia kwamba mwezi ujao majirani wote watakuja kuchaji telefone. Tena, inahesabu batri kama mpya. Kwa hiyo, ukishapata jibu zuri, punguza batri kwa asilimia 20, bonyeza tena, uone mwaka wa tatu utakuwaje.