Unataka kuwa mwalimu wa Historia au Jiografia? Yajue haya kabla ya kuomba chuo

Kwa kijana aliyemaliza shule Kilimarondo, wilayani Nachingwea, mkoani Lindi, ualimu ni kazi anayoijua kuliko nyingine nyingi. Ameiona kila siku darasani. Aliyefanya vizuri Historia, Jiografia na Uraia huona njia imenyooka: asome sayansi ya jamii chuoni, kisha arudi shuleni akiwa na chaki mkononi.

Njia hiyo ipo, ila ina matawi. Ukikosea tawi, unaweza kumaliza miaka mitatu ukiwa na digrii isiyokuingiza darasani.

Si kila digrii ya sayansi ya jamii ni ya ualimu

Hapa ndipo wengi huteleza. Sosholojia, Sayansi ya Siasa na Maendeleo ya Jamii ni kozi nzuri, lakini peke yake hazimfanyi mtu kuwa mwalimu.

Anayetaka kufundisha achague shahada iliyounganishwa na elimu, mfano Shahada ya Sanaa na Elimu. Humo mwanafunzi hubeba masomo mawili ya kufundishia, kama Historia na Jiografia, pamoja na saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia na mazoezi ya kufundisha shuleni.

Aliyekwisha kusoma shahada isiyo ya ualimu anaweza kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Lakini awe na somo linalofundishwa shuleni. Sosholojia haimo kwenye ratiba ya sekondari.

Uanzie wapi?

Kwa mkazi wa Kilimarondo, Chuo cha Ualimu Nachingwea kipo ndani ya wilaya yake. Nafasi za vyuo vya ualimu vya Serikali hutangazwa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na sifa zake hubadilika, hivyo soma tangazo la mwaka husika.

Kwa chuo kikuu, aliyemaliza kidato cha sita miaka ya karibuni anahitaji angalau 'principal pass' mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua nne, kwenye masomo yanayotakiwa na kozi. Mwenye HGL, HGK au HGE yuko eneo lake.

Kwa kusini, Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kipo Mtwara. Mbali zaidi kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vyake vishiriki viwili vya elimu, DUCE cha Dar es Salaam na Mkwawa cha Iringa.

Foleni ya ajira ni ndefu

Hili lisifichwe. Mwanzoni mwa 2025, walimu zaidi ya 200,000 waliitwa kwenye usaili wa kuwania nafasi zisizofika 15,000 serikalini. Kwa miaka mingi uhaba mkubwa umekuwa wa walimu wa sayansi na hisabati, huku wa masomo ya sanaa wakisota mtaani.

Siku hizi ajira huombwa kupitia Ajira Portal na mwombaji hupimwa kwa usaili. Kuhitimu mapema pekee hakutoshi. Anayejua somo lake kwa kina ana nafasi kuliko aliyebana madesa ili afaulu mtihani.

Mtaala mpya umeleta nini?

Utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024. Umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na Elimu ya Biashara imekuwa ya lazima kwa kidato cha kwanza. Hivyo mwenye HGE anayependa uchumi asikimbilie Historia na Jiografia kwa mazoea. Aangalie pia kozi za ualimu wa biashara.

Somo lipo nje ya darasa

Nachingwea ni kitabu kwa mwalimu wa masomo haya. Hapa Waingereza waliendesha mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951, wakajenga hadi reli ya kwenda Mtwara ambayo baadaye iling'olewa. Hapa pia FRELIMO ilikuwa na kambi ya kufundishia wapiganaji kabla ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975. Jirani, Ruangwa, kuna madini ya kinywe.

Mtoto wa Kilimarondo anaweza kukariri tarehe hizo bila kujua kuwa zinahusu wilaya yake. Mwalimu aliyesoma vizuri humpeleka kwa wazee akaulize, akamwonyesha mashamba ya korosho na ufuta kabla ya kufungua ukurasa wa kilimo.

Kabla ya kutuma maombi, jibu maswali matatu: Kozi hii ina elimu ndani yake? Masomo yangu mawili ya kufundishia ni yapi, na yapo kwenye mtaala mpya? Ajira ya Serikali ikichelewa, nitaishi vipi: shule binafsi, tuisheni au shamba?

Ukikwama swali la kwanza, usitume maombi kwanza. Muulize mwalimu wako wa taaluma.