Joe Harriott na Uhuru wa Sauti

Mwezi wa Novemba 1960, mjini London, wanamuziki watano walirekodi santuri waliyoiita Free Form. Kiongozi wao alikuwa Joe Harriott, mpiga saksafoni ya alto. Mwezi uliofuata, mjini New York, Ornette Coleman alirekodi santuri yake, Free Jazz. Leo jina la Coleman halikosekani katika historia yoyote ya jazi. La Harriott aghalabu hutajwa kwa kupita, tena kama la mfuasi. Hukumu hiyo yafaa kutazamwa upya.

Harriott alizaliwa Kingston, Jamaica, tarehe 15 Julai 1928, akalelewa katika shule ya Alpha, iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki kwa ajili ya watoto yatima na maskini. Huko ndiko alikofundishwa muziki. Mwaka 1951 alifika Uingereza akiwa na bendi ya ngoma za dansi, akabakia. Kwanza alisifiwa kwa ustadi wake katika mtindo wa Charlie Parker. Lakini sifa ya kufanana na mwingine haikumtosha. Kifua kikuu kilipomlaza hospitalini mwishoni mwa miaka ya 1950, alipata muda wa kufikiri juu ya jazi isiyofungwa na kanuni zilizozoeleka.

Fikra yake ilikuwa wazi. Jazi ina nguzo zake: mwendo usiobadilika, kiini cha wimbo, mfuatano wa sauti unaotabirika, na mgawanyo wa mizani. Kila kipande kibakize walau nguzo moja; nyingine zote zaweza kuachwa iwapo hisia zitadai hivyo. Basi huu haukuwa uhuru wa vurugu, bali wa watu wanaosikilizana. Ni kweli kwamba Coleman alikwisha kuvuma tangu 1959, lakini njia zao hazikuwa moja. Coleman wa siku zile aliiondoa piano. Harriott aliibakiza, akampa Pat Smythe nafasi sawa na wengine katika mazungumzo ya vyombo. Santuri iliyofuata, Abstract, ilitunukiwa nyota tano na jarida la Kimarekani la Down Beat.

Wapenzi wa ushairi watavutiwa na mpiga tarumbeta wa kundi hilo, Shake Keane wa kisiwa cha St Vincent. Lakabu hiyo ilitokana na jina la Shakespeare, kwa jinsi alivyopenda fasihi. Naye alikuwa malenga kwelikweli, akashinda tuzo ya Casa de las Américas mwaka 1979. Mpiga besi, Coleridge Goode, alikuwa Mjamaica pia. Hivyo, watatu kati ya watano walikuwa wana wa visiwa waliokwenda katika mji mkuu wa dola iliyowatawala, na huko wakasema jambo ambalo wenyeji hawakuwa wamelisema.

Keane alipohamia Ujerumani mwaka 1965, kundi lilisambaratika. Harriott hakukoma. Akiungana na John Mayer, mtunzi mzaliwa wa Calcutta, alipiga katika Indo-Jazz Suite ya 1966, ambamo wanajazi watano walikutana na wanamuziki watano wa upande wa Kihindi, wenye sitar na tabla.

Hata hivyo, sifa si riziki. Miaka yake ya mwisho alizunguka miji ya Uingereza peke yake, akipiga na wanamuziki wowote aliowakuta. Alifariki kwa saratani tarehe 2 Januari 1973, akiwa na umri wa miaka 44, akazikwa Bitterne, Southampton.

Uingereza humhesabu kuwa wake, na Jamaica vivyo hivyo. Alipokuwa hai, hakuna aliyemgombea. Nani alitangulia kwa mwezi mmoja si swali kubwa. Swali ni kwa nini aliyetoka kisiwani, hata akija na lake, hudhaniwa kuwa ameazima. Jibu la Harriott limo katika santuri zake, kwa anayetaka kusikiliza.