Kuni za ramli ya mfalme

Mei 13, 2019, ndani ya kasri la kifalme jijini Tokyo, ilipigwa ramli ya magamba ya kasa. Magamba hayo yalitoka visiwa vya Ogasawara, yakachongwa mpaka yakabaki na unene wa milimita moja na nusu hivi, kisha yakapelekwa motoni ili yapasuke. Nyufa zilijibu swali moja: mpunga wa ibada ya Daijosai, ambayo Mfalme Naruhito angeifanya Novemba baada ya kutawazwa, utoke wapi? Jibu likawa Tochigi kwa upande wa mashariki, na Kyoto kwa magharibi.

Sifa zote alizipata kasa. Mimi nilivutiwa na kuni.

Moto wa ramli hiyo huwashwa kwa hahaka, mti ambao Wajapani wa leo wanauita uwamizuzakura. Ni mcheri wa mwituni, wa misitu ya milimani Japani na China. Wataalamu wanaujua kama Prunus grayana, jina alilopewa na Mrusi Karl Maximowicz, aliyekusanya mimea Japani miaka ya 1860, kwa heshima ya Asa Gray wa Harvard.

Ukiuona ukichanua hutadhani ni mcheri. Vijiua vyake vyeupe hujibana kwenye kikonyo kimoja kirefu, kama brashi ya kuoshea chupa, tena hutoka majani yakiwa yameshajaa, wakati watazamaji wa maua ya cheri wameshakunja mikeka yao. Matunda huiva yakawa meusi; dubu na ndege huyagombania. Mkoani Niigata watu huwawahi: vichwa vya maua na matunda mabichi hutiwa chumvi, yaliyoiva hulowekwa kwenye pombe kali.

Kazi yake ya ramli ni ya kale mno. Kojiki, kitabu cha mwaka 712, kinasimulia kwamba mungu wa jua, Amaterasu, alipojificha pangoni, miungu wenzake walichoma mfupa wa bega la kulungu kwa hahaka ya mlima Kagu. Baadaye gamba la kasa lilichukua nafasi ya mfupa katika ramli za kasri, na waaguzi wakaletwa kutoka Izu, Iki na Tsushima. Mfupa ulibadilishwa, kuni hazikubadilishwa.

Namna nyufa zinavyosomwa, wenye kasri hawasemi. Mwaka 1990, kwa baba yake Naruhito, zilitaja Akita na Oita. Safari hii mpunga ulivunwa Takanezawa, mkoani Tochigi, na Nantan, mkoani Kyoto.