Miaka 13 Imetoka Wapi? Mama, Ujue Mlango Anaopitia Mwanao

Mtoto akituomba tumfungulie akaunti ya Instagram au TikTok, wengi wetu tunamjibu, "Ngoja ufike miaka 13." Tunaona mitandao yenyewe imeandika hivyo, basi tunaamini waliopanga walijua. Tuitazame historia yake.

Umri huu haukutoka kwa daktari wala kwa mlezi. Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria, ikaanza kutumika Aprili 2000, inayokataza kampuni za intaneti kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ya ruhusa ya mzazi. Mbunge Edward Markey, mmoja wa walioupigania mswada huo, alitaka iwe miaka 16. Katika mvutano wakashuka hadi 13. Kwa hiyo ni umri wa mapatano, tena juu ya taarifa kama jina, anwani na namba ya simu. Haikuwa sheria ya kumlinda mtoto na mtu mzima anayemwandikia usiku.

Kampuni nyingi ziliona kutafuta ruhusa ya kila mzazi ni kazi kubwa. Njia nyepesi ikawa kuandika kuwa walio chini ya 13 hawaruhusiwi, kisha kuuliza mwaka wa kuzaliwa. Facebook ilianza Februari 2004 kwa wanafunzi wa chuo cha Harvard tu, lazima uwe na barua pepe ya chuo. Septemba 2006 ikafunguliwa kwa yeyote aliyesema ametimiza 13. Mtoto wa miaka 10 anajipunguzia mwaka wa kuzaliwa, anaingia.

Sisi mafundi hatukati kitambaa kwa saizi ya kutajiwa. Tunachukua futi tunapima. Mlango huu haupimi. Aprili 2023 Uingereza iliitoza TikTok faini ya pauni milioni 12.7, baada ya kukadiria kuwa mwaka 2020 watoto hadi milioni 1.4 wa chini ya miaka 13 waliitumia nchini humo. Australia nayo, tangu Disemba 2025, imezitaka kampuni kubwa ziwazuie walio chini ya 16.

Huku kwetu tusisubiri, maana watoto ni amana na tutaulizwa. Tukae na mtoto, atuonyeshe anachotazama na anaoongea nao. Akaunti iwe ya faragha, anayetaka kumfuata aombe kwanza. Ujumbe uwe wa anaowajua tu. Mahali alipo pasionekane, wala picha ya sare ya skuli. Usiku simu ilale chumbani kwa mama.

Kubwa zaidi, asituogope. Mtu akimwomba picha za aibu, aje kwetu mbio kabla hajatuma, na hata akishatuma. Tukianza kwa kipigo, mara ya pili atanyamaza. Ujumbe usifutwe, upelekwe polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015.

Na nyinyi mabibi harusi, mkikaa na wachumba wenu na mawalii kupanga nyumba na matumizi, zungumzeni na hili: watoto wenu watapewa simu lini, na picha zao nani ataziweka mtandaoni. Ni rahisi kukubaliana sasa kuliko mtoto akishaililia.