Bhangi na Mgonjwa Aliyepandikizwa Uboho

Huenda jirani amekunong'oneza kwamba bhangi humrudishia mgonjwa wa saratani ya damu hamu ya kula. Kabla hujakubali, sikiliza historia hii.

Damu na askari wa kinga hutengenezwa katika uboho, ndani ya mifupa. Mwaka wa 1957, Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alichapisha habari za wagonjwa waliotiwa uboho wa watu wengine. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990. Lakini kuna tatizo: askari hao wageni huweza kumgeukia mwenyeji wao, wakashambulia ngozi, ini na matumbo. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kuwatuliza, na kinga yake hubaki chini kwa miezi mingi.

Bhangi nayo ilichunguzwa. Mwaka wa 1964, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walitenga kiini kinacholevya, THC, huko Israeli. Mwaka wa 1993, watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza CB2, kipokezi cha viini hivyo kilicho kwenye askari wa kinga. Kumbe bhangi haigusi ubongo tu, hugusa kinga pia.

Je, ingewatuliza askari wageni? Mwaka wa 2015, watafiti wa Israeli walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 waliopandikizwa uboho na kumeza kanabidioli, kiini kisicholevya, pamoja na dawa zao za kawaida. Hakuna aliyepata shambulio la ghafla katika siku za kukimeza. Ni matumaini, ila utafiti ulikuwa mdogo.

Tena hicho kilikuwa kiini safi, kilichopimwa na madaktari. Msokoto ni jambo jingine. Mwaka wa 1988, jarida la Chest lilieleza habari za mwanamume wa miaka 34, aliyeugua mapafu siku ya 75 baada ya kupandikizwa. Alikuwa akivuta bhangi sana. Kuvu iliyopatikana mapafuni mwake ilifanana na ile iliyokuwa kwenye bhangi yake. Alitibiwa, lakini akafariki. Kuvu hiyo ni ya ukoo mmoja na ile inayotia sumu mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu.

Hata kanabidioli ya kumeza huweza kupandisha kiwango cha takrolimasi, dawa ya kutuliza kinga, na figo zikaumia.

Basi mama, usimpe mgonjwa wako bhangi kwa siri. Kama ameshatumia, mwambie daktari bila kuona haya. Akipata homa au kikohozi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na akishindwa kula, sema: kichefuchefu kina dawa zake.