Ufundi Unaofuatwa Mbali na Eldoret

Ukipitia orodha ya vyuo 12 vya serikali vinavyowafunza kazi watu wenye ulemavu, utakuta Kakamega, Kericho, Kisumu, Kisii, Machakos, Embu, hata Bura kule Taita. Eldoret haimo. Mji ulitawazwa kuwa jiji Agosti 2024, lakini kijana wa Uasin Gishu anayetumia kiti cha magurudumu, akitaka nafasi katika chuo cha aina hiyo, bado hupanda matatu kwenda kaunti nyingine.

Mpango wa vyuo hivi ulianza mwaka 1964, serikali changa ya uhuru ilipounda kamati chini ya Ngala Mwendwa ichunguze maisha ya watu wenye ulemavu. Ukafuata Waraka wa Bunge Na. 5 wa 1968, kisha vyuo vikaanza kufunguliwa miaka ya 1970. Hadi hapo kazi kubwa ilikuwa mikononi mwa mashirika kama APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, lililoanzishwa 1958.

Huko Machakos, chuo cha ufundi cha wasioona nacho kilianza miaka hiyo ya 1950. Humo ndimo alimopitia Henry Wanyoike, fundi viatu aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupatwa na kiharusi. Wengi tunamjua kwa dhahabu ya mita 5,000 kule Sydney mwaka 2000, alipomvuta mwelekezi wake aliyeishiwa nguvu hadi kwenye mstari wa mwisho. Ningependa Eldoret, jiji la wakimbiaji, lijue pia kwamba Machakos alijifunza kufuma sweta, na sweta zikampa riziki.

Mashine ya kufuma haidai macho. Vidole hupita juu ya safu ya sindano, vikihesabu na kuhisi pale uzi ulipokatika. Cherehani ya miguu ndiyo yenye shida kwa asiyeweza kukanyaga. Huyo huhitaji ya kuzungusha kwa mkono au ya mota. Asipokuwa nayo, cheti chake hakimsaidii. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililotokana na sheria ya 2003, ya kuwapa mafundi vifaa vya kuanzia. Sheria hiyo ilitaka pia asilimia 5 ya nafasi za kazi zitengwe kwa ajili yao.

Eldoret imewahi kuonyesha kwamba inaweza. AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na Indiana University ya Marekani, ilianza kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI mwaka 2001. Dawa ziliwainua wagonjwa, lakini wengi walirudi nyumbani bila kazi wala chakula. Ikazaliwa karakana ya Imani, ambamo waliopata nafuu walitengeneza shanga, karatasi na bidhaa za kitambaa za kuuza. Hawakutumwa kaunti nyingine. Kazi iliwafuata walipo.

Soko la sweta na nguo halina shaka. Jiji liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai inauma, na kila Januari wazazi hutafuta sweta za shule. Kitambaa kinafumwa hapa hapa, katika kiwanda cha Rivatex. Kinachokosekana ni chuo chenye mabweni, njia za mteremko milangoni, na mwalimu anayejua lugha ya ishara.